Kamera Izimwe Kwanza

Bwana asifiwe, na kamera izimwe! Clarisse, nakuona, usijifiche nyuma ya hiyo mashine. Nitakuambia wakati wa kuiwasha. Asante. Sasa ndugu zangu, naweza kusema.

Mimi ni Mama Eliza. Wengi mnanijua kwa kuimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Kwetu ni Bukoba, nimeolewa hapa Kabuga, na kazi yangu ni kulea watoto kwenye shule ya chekechea. Nawalisha uji, nawafuta makamasi, nawalaza mchana. Kazi ile naipenda, ndugu zangu! Mtoto akisinzia mikononi mwangu najiona tajiri.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikamshukuru Mungu. Niliwaeleza kwamba zamani, nilipomzaa Eliza, akili yangu iliruka. Nilimwogopa mtoto wangu mwenyewe. Mume wangu akanipeleka Ndera, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili, madaktari wakanitibu, kanisa likaniombea, nikapona kabisa. Eliza yule sasa yuko sekondari na ananizidi urefu. Mlilia pamoja nami, mkanikumbatia, nikarudi nyumbani moyo mwepesi.

Kumbe ushuhuda wangu ulikuwa umenitangulia njiani! Vijana wetu wa mitandao, Clarisse akiwa mmoja wao, kwa nia njema kabisa, walikata kipande kifupi cha video ya ushuhuda wakakirusha. Walibakiza pale ninaposema nilimwogopa mtoto. Neno "zamani" likakatwa. Madaktari wakakatwa. Eliza wangu aliyekua, naye wakamkata! Juu wakaandika kwa herufi nyekundu: MLEZI WA WATOTO AFUNGULIWA UKICHAA! Hakuna aliyeniuliza, maana kanisani kwetu hapakuwa na utaratibu wa kuuliza. Aliyeshika simu ya kanisa ndiye aliyekuwa mwamuzi wa yote.

Jumatatu nafika kazini, wazazi wamekwisha kukiona kwenye kundi lao la simu. Mama mmoja alimchukua mwanawe mikononi mwangu bila kunitazama usoni. Ndugu zangu, pale nilikufa nikiwa nimesimama! Mkuu wa shule, mama mpole, akaniita pembeni. "Mama Eliza, ihangane, vumilia. Wazazi iko wanaogopa. Kaa kwanza nyumbani, tutakuita."

Nikakaa. Nilikuwa napika uji wa watoto wengi kwa mazoea, halafu naumwaga. Nilimkasirikia mchungaji, nikawakasirikia vijana, na Mungu naye nikamnunia. Nilimwambia, "Nilikushukuru mbele za watu, ndiyo malipo yangu haya?"

Lakini Mungu wetu hata ukimnunia haendi mbali! Mchungaji alikuja nyumbani pamoja na Clarisse, macho ya binti yamevimba kwa kulia. Kile kipande walikuwa wamekifuta, ila watu walishakinakili, kinatembea chenyewe. Mchungaji hakunihubiria. Alisema, "Mama, tumekukosea. Video yote tunayo, mwanzo mpaka mwisho. Tukiwaonyesha wazazi, unakubali? Ukikataa, tutatafuta njia nyingine."

Nililia. Tangu balaa lile lianze, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikasema ndiyo.

Wazazi wakaitwa shuleni. Mchungaji akasimama akasema kosa ni la kanisa, si langu. Wakatazama yote: zamani, Ndera, madaktari, Eliza. Kisha yule mama aliyemchukua mwanawe akainuka, nami nikajua sasa nafukuzwa. Akaja moja kwa moja, akaniwekea mtoto mapajani.

"Mama Eliza, huyu hajalala muzuri tangu umetoka," akasema. "Nisamehe."

Haleluya! Mtoto yule alisinzia pale pale, kikao hakijaisha.

Ndipo kanisa likakaa likajiwekea kanuni za mitandao, zile mnazoziona mlangoni. Mwenye ushuhuda anaulizwa kwanza. Anaonyeshwa kitakachorushwa kabla hakijarushwa. Ugonjwa wa mtu haufanywi kichwa cha habari. Akibadili mawazo, kinaondolewa, wala hanuniwi. Wengine walinong'ona kwamba tunamfunga Roho Mtakatifu kwa makaratasi. Jamani! Choo cha kanisa kina mlango, na Roho hajawahi kulalamika! Hata mkuu wa shule alikuja kuzisoma, akawawekea wazazi kanuni za kundi lao.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi nyote. Na wewe Clarisse, mwanangu, sina kinyongo nawe hata kidogo. Sasa nasema nawe uliyekaa hapo na jambo zito kifuani, unayeogopa kwamba ukilisema litafika soko la Kabuga kabla yako. Mtumaini Bwana, njoo mbele useme. Hapa utaulizwa kwanza.

Haya Clarisse, washa sasa. Imewaka? Mimi naitwa Mama Eliza. Bwana aliniponya zamani, na kesho asubuhi watoto wangu wananisubiri.

Basi. Zima.