Nguzo ya Kumi na Mbili

Sikilizeni, wanangu, wewe Mulwa na wewe Ndululu, wala msinikatize, maana pumzi iliyobaki si ya mabishano. Jambo la mwisho la kawaida aliloniomba mama yenu Kalondu Jumatatu ni kuupunguza mlango wa jikoni kwa randa, kwa kuwa ulikuwa unakwama. Nikaupunguza. Akaufunga na kuufungua mara mbili, akacheka kwamba injinia mzima nimegeuka seremala, kisha akaenda kujinyoosha kidogo, na hakuamka.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mlango huo kukwama mwaka huu. Mbao huvimba kwa mvua, na mvua haijanyesha. Nilijua ni nyumba inayoshuka.

Nyumba hii ya Kawangware, ghorofa tatu, familia kumi na moja, imesimama juu ya shimo la zamani la mawe lililojazwa taka na udongo. Ndiyo maana tulichimba nguzo kumi na sita za zege, zipite kifusi chote zifike kwenye mwamba. Kumi na tano zilifika. Ya kumi na mbili, hapa chini ya jikoni, ilikutana na kitu kigumu kwenye mita nne tu. Wakoli, mchimbaji wetu kutoka Soweto West kule Kibera, aligonga kwa nondo, akatega sikio, akaniambia mbele ya vibarua: "Injinia, mwamba haijibu. Hii inajibu. Ni jiwe imelalia takataka." Nikamuuliza alisomea chuo gani. Vibarua wakacheka, nikatia sahihi kwamba nguzo imefika mwamba, na jioni ile nikamfukuza kazi. Mdharau mwiba mguu huota tende, nami nimewavimbishia miguu watu wasiohusika.

Mulwa, uliniambia, "Mzee, hii nyumba imekaa miaka kumi na tisa, itaenda wapi?" Itaenda chini. Ghorofa ya nne usiijenge, na mawe uliyopandisha juu yashushwe leo. Waombolezaji wasijae humu sebuleni. Maombi ya mama yenu, na yangu yakifuata, yafanyiwe uwanja wa kanisa. Wapangaji waambieni ukweli, wahame kabla ya mvua. Kisha nendeni kwa Wakoli, wote wawili, mumwombe radhi kwa jina langu, mumlete agonge tena. Akisema ivunjwe, ivunjwe. Ninawaachia kiwanja, siwaachii nyumba.

Sogeeni. Mkono wangu mzito... uwekeni wenyewe vichwani mwenu. Mungu awape msingi mlioshuka kuukagua wenyewe. Mnizike Kitui, kando ya mama yenu.

Bado neno moja. Asubuhi ya Jumanne, mwili wake ukiwa mochari, nanyi huku nje mkipanga viti vya wageni, mlango ulikwama tena. Ningeweza kuwaita. Mlikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu.

Nikachukua randa.