Mstari wa Nyuma

Katika basi la kwenda mtaa wa Black Rock, kwenye kiti cha mbele yangu, kijana wa Kirundi mwenye kamera mapajani alikuwa akizungumza na mama wa Kikongo aliyetaka kwaya yake ipigwe picha Jumapili. Mchungaji hataki flashi; inamkatiza maombi.

"Basi mama, nitanunua lenzi ya milimita hamsini. Ni ya bei nafuu, na inavuta mwanga sana. Ila nikiifungua tundu lote, mstari wa mbele ndio utaonekana vizuri. Wa nyuma watakuwa ukungu."

"Bon. Miye ninaimbaka nyuma."

Nikajifanya natazama dirishani.

"Nikiibana, mama, wote mtaonekana sawasawa, lakini kwenye giza."

"Donc uibane. Afazali tuwe wote mu giza."

Basi lilisimama kituoni. Mama akashuka akiimba, kwa sauti iliyonieleza kwa nini wanamweka nyuma.