Figo la Dada Yake

Treni ya asubuhi ilikuwa nusu tupu. Mbele yangu fundi cherehani mzee, kajifunika barakoa, alimwambia mama aliyeketi kando yake, wala hawajuani, kwamba anakwenda kulazwa awekewe figo la dada yake mdogo. "Kwa umri huo, baba? Mwili utalikataa." "Daktari kasema kinga ya mzee imechoka, haigombani sana na mgeni. Ninachoogopa ni maradhi ya kuambukizwa." "Basi mafua tu yatakumaliza!" "Nitajichunga."

Mama hakuridhika, na mimi nikaacha kujifanya nasinzia. "Na dada yako, akibaki na moja?" mama akauliza. "Nilimkatalia. Akaninunia mpaka nikakubali."

Treni ikasimama. Jukwaani mwanamke mwenye begi dogo akagonga dirisha: "Shuka, kaka, wasije wakadhani tumeghairi!"