Sylvia Osundwa, Aliyeziongoza Harusi za Lurambi

Marehemu Sylvia Osundwa alizaliwa tarehe 4 Machi 1967 kule Navakholo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wangila, mkulima wa miwa, na tangu utotoni, kama dada zake walioko hapa wanavyojua vizuri, alikuwa mtu wa kupanga watu, hata foleni ya kisimani ilimtii.

Alisoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1981, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985, akasomea ualimu wa chekechea, na kuanzia Januari 1988 akafundisha watoto wadogo pale Lubao kwa miaka kumi na minane.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa hapa Lurambi na Osundwa, wakati huo karani wa mizani katika kiwanda cha sukari, na Mungu akawajalia watoto wawili, Elvis na Mitchel. Harusi yenyewe, tuseme ukweli, ilivurugika, keki ilifika wageni wakienda zao, naye Sylvia akaapa kwamba binti wa mtu mwingine hatapata aibu kama ile yeye akiwa karibu.

Kiapo hicho ndicho kilichomfanya mwaka 2006 aache chaki na kuwa mratibu wa harusi, na kamati zilizomhoji zilitoka zikijiona kwamba ndizo zilizohojiwa, maana aliuliza nani atakayekaa na mama mzazi akilia, nani atakayemnyang'anya mjomba mlevi kipaza sauti, na kama alisema saa nne ilikuwa saa nne, hata bwana harusi mmoja aliyedhani ni mzaha aliletwa kanisani kwa boda boda, kiatu kimoja mkononi. Familia hii inajivunia kazi hiyo, na haioni haya kusema hivyo leo.

Mwezi Juni mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya koo, wakati ambapo Mitchel alikuwa tayari ameposwa, na kwa kuwa mama wa bibi harusi hukaa akaheshimiwa, hakimbizani na wapishi, ilimbidi amtafute mtu wa kumwachia kazi. Mwezi Oktoba aliwaita watu watatu kitandani kwake hospitalini, sauti ikiwa imeisha, akawauliza kwa mnong'ono swali moja, kwamba yeye akifa kabla ya harusi watafanya nini.

Beverly, mratibu hodari wa mjini, alikemea kifo na kuanza maombi, kijana wa pili akaeleza jinsi tarehe inavyoweza kusogezwa, lakini Bramwel, aliyekuwa akimfungia maturubai miaka mingi, alivuta kiti akasema, "Mama, sisi tunazikanga watu Jumamosi moja na kuoza watoto Jumamosi ingine. Nitakuzika vizuri, harafu nitaoza Mitchel." Sylvia alicheka bila sauti hadi muuguzi akaja mbio, akamshika Bramwel mkono, na kazi ikawa yake.

Mama yetu alituacha alfajiri ya Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, na wazee walipoketi, shemeji yake Wandera alisema harusi ingoje mwakani, kwa kuwa nyumba haiwezi kulia na kupiga vigelegele ndani ya mwezi mmoja. Mitchel alisimama mbele yao, akasema mama yake alichagua mtu akijua anachochagua, na kwamba yeye hataki kuolewa kwa tarehe ambayo mama hakuijua. Ndipo Wandera akauliza kama ng'ombe wa harusi amepatikana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi nje siku zote hizi, walimu wenzake wa Lubao, na waratibu wa harusi wa Kakamega nzima, akiwemo Beverly, aliyeleta wapishi wake bila kuombwa.

Mitchel ataolewa Jumamosi, tarehe 6 Desemba, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kumlilia mama yake mnaalikwa, njooni saa nne kamili.

Mwalimu, pumzika kwa amani, safari hii mama wa bibi harusi hana kazi ya kufanya.