Enid Murgatroyd wa Duka la Viatu, Mtaa Mkuu wa Harnley (1944–2025)

Marehemu Enid Murgatroyd, ambaye wengi wenu mlimjua kwa miaka mingi kama Bi Holroyd, alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 hapa hapa Harnley, Yorkshire, katika zile nyumba za safu nyuma ya kiwanda cha sufu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Bw. Herbert Sugden, fundi mitambo wa kiwanda hicho, na mkewe Bi Alma. Nyumbani kwao viatu vilirithiwa kama majina. Vikimbana dada mkubwa vilihamia kwa wa pili, kisha kwa Enid, vikiwa vimejazwa karatasi za gazeti kwenye ncha. Alipenda kusimulia kwamba mpaka anavunja ungo hakuwa amewahi kuvaa kiatu kinachomtosha. Dada yake Muriel, tuliye naye leo mstari wa mbele, ametuomba tuandike kwamba hilo si kweli. "Muongo huyo," amesema. "Vile vyekundu vilimtosha sana. Vilikuwa vyangu, akavificha chini ya kitanda."

Alisoma shule ya msingi ya kanisa, kisha shule ya sekondari ya wasichana iliyo juu kilimani, akamaliza Julai 1959 akiwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wake alimwambia Bi Alma kwamba binti huyu angefika mbali endapo angejua kunyamaza. Hakunyamaza, na mbali hakufika. Alishuka kilima tu hadi Mtaa Mkuu, akaajiriwa na Bw. Thackray katika duka lake la viatu, na mtaa huo hakuuhama tena maisha yake yote.

Dukani ndipo alipokutana na mume wake wa kwanza, marehemu Clifford Holroyd, dereva wa basi. Clifford alinunua buti siku ya Jumanne. Alhamisi akazirudisha, eti zinambana. Akapewa nyingine, Jumamosi akarudi tena, nazo zinambana. Enid akapiga goti, akabonyeza ncha ya buti kwa kidole gumba, akamtazama usoni. "Kaka, hapa pana nafasi ya kufuga panya. Kinachokubana ni nini hasa?" Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1966, wakajaliwa watoto wawili, Neville na Hilary. Bw. Thackray alipostaafu mwaka 1979 walilichukua duka kwa mkataba wa kupanga, wakahamia ghorofa ya juu yake. Clifford alituacha Oktoba 2009. Bi Enid alifungua duka juma lililofuata maziko, kwa sababu, alisema, juu kulikuwa kimya mno.

Miguu ya mji huu imepita mikononi mwake. Wapo humu kanisani watu wazima waliompiga mateke wakiwa na miaka mitatu, na wapo waliokwenda kwake kuwanunulia watoto wao viatu, wakakumbushwa hilo mbele ya watoto hao.

Machi 2020, amri ya kukaa majumbani ilipotoka kwa ajili ya korona, alikuwa amemaliza kupanga dirisha la viatu vya majira ya joto. Alizima taa, akapanda juu. Bucha la Wilfred Murgatroyd, ng'ambo ya barabara, liliendelea kufunguliwa kwa kuwa nyama ni chakula. Viatu si chakula. Kila asubuhi Bi Enid alishuka na kitambaa, akafuta vumbi kwenye viatu ambavyo hakuna aliyevigusa, akapanda tena. Dirishani sandali za bluu zilipauka kwa jua hadi zikawa za kijivu.

Hilary alimpigia simu kila jioni. "Mama, una miaka sabini na sita. Uza duka, upumzike."

"Nimuuzie nani? Virusi?"

"Ninasema kwa ajili ya afya yako."

"Na mimi ninakwambia hivi: watoto wa mji huu wote wanakua huko ndani walikofungiwa. Siku watakayotolewa nje watatoka na miguu ya baba zao. Nani atawavisha?"

Maduka yaliruhusiwa kufunguliwa Jumatatu, tarehe 15 Juni 2020. Masharti yalikuwa mengi. Kitakasa mikono mlangoni, mteja mmoja mmoja, na kila mtu akae mita mbili kutoka kwa mwenzake. Sasa utamvishaje mtoto kiatu ukiwa mita mbili? Bi Enid aliweka kiti chake nyuma ya mstari wa utepe wa njano, akawapa wazazi kile kipimo cha miguu, naye akaongoza kazi kwa sauti. Mtaa mzima ulimsikia. "Kisigino nyuma, mama! Nyuma kabisa! Huyo amekunja vidole, mwambie aache ujanja! Baba, hicho ni kiatu cha kushoto!" Foleni ilifika hadi kwenye mnara wa saa. Wapo waliosimama kwenye foleni bila haja ya viatu, walitaka kusikiliza tu.

Foleni ile ndiyo iliyoleta ugomvi. Ili watu wapate pa kusimama, halmashauri ya mji iliweka vizuizi vya plastiki na kuzuia magari Mtaa Mkuu. Bi Enid alifurahi. Bw. Wilfred, ambaye wote tunamwita Wilf, alitoka bucha na aproni yake, akasimama ukingo wa barabara.

"Enid! Wateja wangu wazee wanakuja na magari. Wanachukua nyama, wanaondoka. Sasa wapaki wapi, mapajani kwako?"

"Mapajani kwangu pamejaa! Na foleni yangu isimame wapi, ndani ya jokofu lako?"

"Miezi mitatu nimeulisha mji huu, wewe umelala!"

"Nililala kwa amri ya serikali! Wewe unalala kwa hiari, tena huku umesimama!"

Kwa vile hakuna aliyeruhusiwa kumsogelea mwenzake, ugomvi wote ulikuwa wa kupayuka. Walikuwa majirani kwa miaka arobaini, wamezikiana wenza, wameazimana ngazi na sukari. Kuanzia siku ile hawakusemezana. Bi Enid alianza kununua nyama kule kwenye maduka makubwa ya nje ya mji, akarudi akilalamika kwamba haina ladha.

Huko nje ya mji maegesho ni bure, na huko ndiko foleni yake ilikohamia. Shamrashamra za Juni ziliisha. Duka la kadi halikufunguliwa tena, wala la vitu vya kuchezea. Watu walikuwa wamezoea kuagiza mtandaoni na kuletewa mlangoni. Mama mmoja alimpimisha mwanawe vizuri, akakipiga picha kiatu kwa simu, akashukuru, akaaga. Bi Enid alielewa. Alimwambia tu, kwa upole, "Kikija kikambana, mama, usimwambie mtoto kwamba mguu wake ndio mbaya." Mama yule alirudi Septemba. Bi Enid alimpa tena kile kipimo. Alimwekea kiti.

Novemba amri ya kufunga ikatoka tena. Safari hii Bi Enid hakushuka na kitambaa. Hilary alipopiga simu alimkuta na sauti ndogo. "Labda ulisema kweli, mwanangu. Mtafute huyo mnunuzi." Hilary anasema alikuwa ameyasubiri maneno hayo miezi minane, na alipoyasikia alikaa jikoni akalia.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa ikinyesha. Bi Enid alisikia jina lake likiitwa kutoka chini. Akafungua dirisha. Wilf alikuwa katikati ya barabara, amelowa chapachapa.

"Enid! Una buti za mvua za mtoto, namba kumi?"

"Kwa nini? Miguu yako imesinyaa?"

"Acha utani! Kuna mama bucha kwangu amekuja kununua soseji. Mwanawe amevaa raba, kidole kipo nje. Nje kabisa, Enid, nimekiona. Nishushie boksi."

Hakukuwa na muda wa kukumbuka kwamba hawasemezani. Bi Enid aliunganisha kamba za viatu, akafunga boksi, akaliteremsha dirishani. Lilikwama kidogo kwenye kibao cha duka, akalitikisa, likamwangukia Wilf kichwani. Bi Enid akasema, "Samahani." Wilf akasema, "Na mimi pia."

Baada ya hapo, watu waliagiza viatu kwa simu na kuvichukulia kwenye kaunta ya bucha, jambo ambalo masharti yaliruhusu. Viatu vya shule vilitoka vimefungwa kwenye karatasi ya nyama. Mwalimu mmoja alipeleka nyumbani kifurushi akidhani ni mbavu za kondoo, akakuta ndara. Jioni, bucha likishafungwa, Wilf alisimama chini ya dirisha na kikombe chake cha chai, Bi Enid juu na chake, wakazungumza mpaka chai ipoe. Kuhusu magari hawakukubaliana kamwe. Hata juzi juzi walikuwa bado wanabishana.

Maduka yalipofunguliwa tena tarehe 12 Aprili 2021, Bi Enid alikuwa wa kwanza mtaani kuwasha taa. Furaha ile ilidumu hadi mwenye nyumba alipomjulisha kwamba jengo litageuzwa kuwa fleti, na mkataba hautaendelea. Neville alimwambia basi imetosha, Mama, umepigana. Naye alikuwa ameanza kufunga maboksi Wilf alipovuka barabara, safari hii akaingia ndani.

"Bucha langu ni kubwa kuliko nyama yangu," alisema. "Chukua nusu."

Afisa wa afya alikuja, akaangalia, akasema viatu na nyama haviwezi kukaa chumba kimoja. Pawe na ukuta, na kila upande uwe na mlango wake. Wilf akajenga ukuta kwa mikono yake mwenyewe. Haukunyooka, na haujanyooka mpaka leo. Duka likafunguliwa upande wa kulia Oktoba 2021, naye Bi Enid akapanga chumba karibu na hapo. Chai ikiwa tayari waligongeana ukutani, na wateja wa pande zote mbili wakajua kwamba sasa watasubiri kidogo.

Siku moja ya Februari Wilf alitokea mlango wake wa mbele, akazunguka, akaingia mlango wa Enid na birika mkononi, mabega yakiwa na theluji. "Enid," alisema, "mimi nimechoka kutoka nje ili nikuone. Ukuta nilijenga mwenyewe kama mjinga. Huko juu ninakokaa hakuna ukuta."

"Unaniposa au unaninung'unikia?"

"Vyote."

"Basi weka birika chini kwanza, utaniunguza."

Neville alihofia watu watasemaje. Mama yake akamjibu, "Waje waseme dukani, wakiwa huko wajaribu viatu." Walioana katika kanisa hili hili Jumamosi, tarehe 7 Mei 2022, bibi harusi akiwa na miaka sabini na minane, amevaa viatu vyekundu. Pai za nyama zilitengenezwa na bwana harusi. Wale waliohudhuria wanakumbuka kwamba alicheza nyimbo zote, na kwamba Muriel alivitazama viatu vile jioni nzima.

Mwishoni mwa mwaka 2023 pumzi ilianza kumpungua. Madaktari walikuta moyo umechoka, wakamkataza kuinama, na kupanda ngazi zaidi ya mara moja kwa siku. Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupiga magoti, hilo lilikuwa jambo zito, na siku chache alikuwa mkali kwa kila mtu. Ndipo Hilary, yule yule aliyemsihi auze, alipoacha kazi yake ya ofisini na kuja kulichukua duka. "Umepata wazimu?" mama yake alimuuliza. "Nimeurithi," Hilary akamjibu. Bi Enid alicheka hadi akakosa pumzi, ikabidi Wilf aitwe. Mwaka mzima uliofuata alikaa kwenye kiti karibu na mlango, blanketi magotini, akiwasalimia watu kwa kuwatazama miguu kwanza. Ulikuwa mwaka mzuri. Yeye mwenyewe alisema hivyo mara nyingi.

Januari mwaka huu hakuweza tena kushuka. Familia inamshukuru muuguzi aliyemtembelea kila siku, na majirani walioleta supu nyingi kuliko vyombo vya kuitilia. Jumamosi, tarehe 8 Februari, Hilary alipanda juu baada ya kufunga, akamkuta macho.

"Mmeuza leo?"

"Jozi moja tu, Mama. Mvua imenyesha kutwa."

"Za nani?"

"Za mjukuu wa yule mwalimu wa ndara. Ndiyo kwanza anaanza kutembea."

"Zimemtosha?"

"Zimemtosha. Ametoka nazo mlangoni, amekataa kubebwa."

Bi Enid alitabasamu, akaomba ageuziwe mto. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alifariki dunia akiwa usingizini, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Wilfred, dada, Muriel, watoto wawili, Neville na Hilary, mtoto wa kambo, Gareth, wajukuu watano na kitukuu mmoja, Elsie, ambaye miguu yake ilipimwa na Bi Enid mwenyewe siku ya tatu ya maisha yake, japo hakuna aliyemwomba. Ameacha pia Mtaa Mkuu wenye maduka machache kuliko aliyoyakuta, na moja zaidi ya yale ambayo yangebaki bila yeye.

Mama yetu, Bibi yetu, Enid wetu: umesimama vya kutosha. Keti sasa, kwa Mungu, na amani yake iwe juu yako.