Phelister Mideva Mulama na Lango la Malisho Mapya (1956–2025)

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa, na majirani mliosimama nyuma ya hema,

Mimi ni Patrobas Kisia, kitindamimba wa familia yetu, na nimeombwa niusome wasifu huu. Nianze kwa kukiri kwamba nilimwelewa vibaya dada yangu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa mtu wa kupenda matanga. Nilipompigia simu jioni, mara nyingi alinijibu kwa sauti ya chini kwamba yuko kwenye ngazi za jengo fulani hapa mtaani Pipeline, anaomboleza na watu ambao pengine yeye mwenyewe alikuwa amefahamiana nao mchana wa siku hiyo. Nikadhani ni upweke wa mjane aliyestaafu. Nilisomea elimu ya jamii chuo kikuu, na huenda ndiyo sababu nilikuwa mwepesi wa kulipa jambo jina kabla ya kulitazama.

Marehemu Phelister Mideva Mulama alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 huko Chavakali, Vihiga, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu Mzee Jafeti Kisia na marehemu Mama Rasoa. Jina la Mideva alilirithi kwa nyanya yetu, ambaye nyumba yake haikuwa na mlango wa mbao hadi mwaka ule alipofariki. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichukua jina pamoja na tabia.

Alisoma katika shule ya msingi ya kijijini na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1970. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1974. Alitamani kuendelea, lakini karo ilikuwa ya mmoja, na zamu ilikuwa ya kaka yetu mkubwa. Hakuwahi kulalamika juu ya hilo mbele yetu, na wengi wetu tuliomfuata tulisomeshwa kwa mshahara wake.

Mwaka 1976 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kama karani wa ukumbi wa jamii, mmoja wa kumbi zilizojengwa katika mitaa ya Eastlands ili wapangaji wa vyumba vidogo wapate mahali pa kukutania. Kazi yake ilikuwa kupanga nani atatumia ukumbi na lini. Watu wa Majengo walifika kwa maulidi, wa Makongeni kwa arusi, wafanyakazi wa reli kwa mikutano, na kila mtu kwa matanga. Jumamosi moja, arusi na matanga viliangukia saa ile ile, kwa kosa ambalo alilibeba mwenyewe. Marehemu alitundika shuka katikati ya ukumbi, akaenda upande wa bibi arusi na kusema, “Wanangu, imbeni kidogo kidogo hadi wenzetu wamalize sala.” Walipomaliza, watu wa arusi walipitisha sufuria ya pilau chini ya shuka. Alikihadithia kisa hiki hadi mwaka huu, na kila mara alicheka mahali pale pale, pale mzee mmoja wa matanga alipouliza kama kuna soda pia.

Tarehe 13 Desemba 1980 alifunga ndoa na Walter Mulama wa Butere, fundi wa reli. Waliishi katika nyumba za reli, kisha wakapanga nyumba Buruburu, ambako walijaliwa watoto wawili, Jacklyne na Willis. Shemeji Walter alitangulia mwaka 2009. Marehemu alistaafu mwaka 2011, na mwaka uliofuata akahamia chumba cha ghorofa ya pili hapa Pipeline, mkabala na kanisa hili la Malisho Mapya. Alilichagua jengo hilo kwa sababu lilikuwa karibu na kanisa. Aliniambia hivyo kwa furaha, na maneno hayo yananiuma sasa.

Naomba radhi kwa nitakayoyasema. Wiki nzima nimejiuliza kama mazishi ni mahali pake, na bado sina hakika. Lakini nina hakika kwamba nikiyaruka, mtakuwa mmemzika mtu mwingine.

Malisho Mapya ni kanisa la watu wanaotoka mbali. Jumapili magari huingia kutoka Buruburu, Donholm na kwingineko, hujaza uwanja huu, na saa nane huondoka. Kuanzia hapo hadi Jumapili nyingine, uwanja huu, ambao ndio nafasi ya wazi iliyo kubwa kuliko zote katika eneo hili, hufungwa kwa kufuli. Kila Agosti kanisa hukodi basi kupeleka unga na nguo kaunti za kaskazini, na silaumu jambo hilo. Ninalouliza ni jinsi basi lile linavyotoka langoni, likapita kando ya majengo yenye maelfu ya watu, bila mtu ndani yake kugeuza shingo.

Mnajua jinsi watu wanavyoomboleza Pipeline. Mtu akifariki, jamaa hukutana kila jioni kusali na kupanga safari ya kumpeleka nyumbani. Lakini chumba kinatosha kitanda na jiko. Kwa hiyo waombolezaji huketi kwenye ngazi, kila mmoja na kidato chake, na wanaopanda na mitungi ya maji huwapita wakiomba samahani.

Mwaka 2017 jirani yake mmoja, Mbinya, alifiwa na mumewe, Mativo. Mativo alikuwa kibarua wa Eneo la Viwanda. Jioni ya kwanza ya matanga, Nuradin, anayetunza jengo kwa niaba ya mwenye nyumba, alipanda akiwa amekunja mikono.

“Mama Jacklyne, mimi pia nasikia uchungu,” alisema. “Lakini mwenye jengo amesema ngazi si kanisa.”

“Basi tuonyeshe kanisa liko wapi, Nuradin.”

Hakuhitaji kuonyesha. Kutoka dirisha la ngazi walikuwa wanaliona: hema lililokunjwa, na viti vya plastiki vilivyopangwa hadi kimo cha mtu. Kijana mmoja aliyeketi kidato cha juu alisema, “Mathe, hizo viti ziko hapo zinakula jua tu.”

Marehemu alishuka akaenda langoni. Askari alimwamkua kwa heshima. “Wewe ingia, mama, wewe ni wetu. Hawa wengine nimekatazwa.” Dada yangu alirudi akaketi kwenye ngazi pamoja na wengine, na waombolezaji wa Mativo walimaliza juma wakiwa wameegemea ukuta.

Kuanzia hapo aliomba jambo moja tu, kwamba lango hili lifunguliwe jioni kwa majirani wenye msiba, wawe washirika wa kanisa au wasiwe. Aliahidi kufagia mwenyewe. Alilipeleka ombi hilo mbele ya wazee kila mwaka. Nilihudhuria kikao kimoja, baada ya yeye kunisihi nije na “Kiswahili changu cha chuo kikuu”, na hakikumsaidia hata kidogo.

“Mama,” alisema Mzee Kivuva, mwenyekiti wa kamati ya majengo, “tukimfungulia mmoja leo, kesho ghorofa nzima itakuwa hapa.”

“Mzee, watu wa Pipeline hawafi wote siku moja.”

Wazee walicheka. Mzee Kivuva pia alicheka, kisha akasema utaratibu ni utaratibu: huduma za msiba ni kwa washirika. Nilidhani anagombania viti, na viti si jambo la kumkosanisha mtu na kanisa lake.

Leo nadhani aliona tulichokuwa tumekataa kukiona. Kila mwezi kanisa hutuma vijana kupanda ngazi hizo hizo kugawa vikaratasi vya kuwaalika watu ibadani. Vijana hao huwaruka waombolezaji kwa adabu, huwapa vikaratasi, kisha hushuka. Sijui namna ya kulieleza hili kwa upole. Tunampa mtu mwaliko akiwa amekaa sakafuni na maiti ya jamaa yake iko mochari, na mwaliko wenyewe unamwambia aje Jumapili, saa tatu, amependeza. Halafu tunakaa vikao kujiuliza kwa nini majirani hawaji.

Mwezi wa Februari mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo uliokuwa umekomaa. Alisafishwa damu mara mbili kwa juma. Katika kipindi hicho aliyempandishia maji, aliyemfulia, na aliyemshika mkono kwenye ngazi alikuwa Mbinya. Jacklyne na Willis walifanya yote waliyoweza kutoka walikofanyia kazi, nao wamenituma nimshukuru mbele yenu. Marehemu aliaga dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Kwa kuwa alikuwa mshirika, lango lilifunguliwa. Tangu Jumatatu tumeketi jioni chini ya hema hili, kwenye viti hivi, na familia inashukuru. Lakini Jumatatu hiyo hiyo Mbinya alifika akiwa na birika la chai, na pale langoni aliulizwa, “Wewe ni mshirika?” Alijibu hapana. Aliambiwa asubiri hadi washirika wapate viti. Alisubiri nje, akiwa ameshika birika, hadi Willis alipomwona. Tangu hapo majirani wameingia, kwa sababu Willis aliketi langoni kila jioni na hakuna aliyetaka kubishana na mfiwa. Lakini wameketi nyuma, na leo wamesimama.

Marehemu ameacha watoto wake, Jacklyne na Willis. Mkwe wake, Ooko. Mjukuu wake, Whitney. Ndugu zake wanne, nikiwemo mimi. Jirani yake Mbinya, ambaye familia imeamua ahesabiwe hapa. Na wapwa wengi waliosoma kwa jasho lake. Atazikwa kesho Jumamosi, tarehe 21 Juni, kando ya mumewe huko Butere. Bwana amfungulie, na ampe kiti cha kupumzikia.

Hapo ndipo karatasi mliyoshika inapokoma. Nililojua baadaye halimo, kwa sababu nilielezwa asubuhi ya leo kule mochari.

Akina mama walikuwa wamemaliza kumvika. Niliona amefungwa leso ya kawaida kichwani, nikamuuliza Mama Truphena, mwenyekiti wao, kiko wapi kitambaa cha chama cha akina mama wa kanisa. Alinivuta kando.

“Alinirudishia Februari,” alisema. “Alinituma niwaambie wazee kwamba amejiondoa katika ushirika. Alisema hawezi kuendelea kuwa wa ndani peke yake.”

“Na wazee walisema nini?”

“Sikuwaambia, ndugu yangu. Niliona jinsi anavyougua. Ningewaambia, leo mngewakalisha watu wapi? Kwenye ngazi?”

Nilimuuliza kama naweza kulisema hili hadharani. Alifikiri, akajifuta mikono, akasema, “Sema. Mimi nitakuwa nimekaa mbele, waniulize mimi.”

Ameketi pale. Hivyo basi, wazee wangu, tangu Jumatatu mmekuwa mkilifungua lango hili kwa msiba wa mtu ambaye hakuwa mshirika.