Mama Geti na Watu wa Nje ya Magunia

Kesho, Jumatatu tarehe 30 Juni 1997, Bi. Specioza Felisiani anastaafu baada ya kuutumikia Uwanja wa Kawajense kwa miaka ishirini na saba. Wengi wenu mlioshika karatasi hii hamjui kwamba hilo ndilo jina lake. Kwenu ni Mama Geti. Hata kwenye vikao vya Kamati ya Uwanja, ambako watu huitana kwa vyeo, Mwenyekiti akijisahau humwita Mama Geti, kisha hukohoa kidogo na kusema Bi. Specioza.

Alizaliwa Mamba, kule Mpimbwe, akaja Mpanda akiwa bibi harusi wa kijana aliyefanya kazi relini. Mwaka 1970 aliajiriwa kufagia uwanja, ingawa uwanja wenyewe wakati huo ulikuwa nyasi, magoli mawili ya miti, na mbuzi wa majirani. Hapakuwa na ukuta, na mpaka leo hapana. Ilipoamuliwa kwamba watazamaji walipe kiingilio, kilihitajika kitu cha kuwatenganisha waliolipa na wasiolipa, na kitu hicho alikishona yeye. Aliomba magunia makuukuu ya mpunga kwa wafanyabiashara wa Usevya na wa kwao Mamba, akayaunga moja moja kwa sindano ya kushonea magunia mpaka yakauzunguka uwanja mzima. Siku ya mechi hufungwa kwenye miti tangu asubuhi, na jioni hukunjwa yakarudi stoo.

Nani kati yetu hajasimama kando ya magunia yale mwezi kama huu, moshi wa nyika inayoungua ukiwa umeulalia mji, jua limekuwa jekundu saa kumi tu za jioni, na upepo unayajaza magunia na kuyaachia? Uwanja huonekana kama mtu apumuaye usingizini. Harufu ya mpunga hutoka taratibu, ukadhani ni mavuno yanayochezwa humo ndani, si mpira.

Baadaye alipewa kazi ya kukata tiketi, na hapo ndipo jina lilipomfuata. Hakuwa na upendeleo. Wazee wanakumbuka siku mwamuzi mgeni alipofika kwa treni ya Tabora, amechelewa, amevaa koti juu ya jezi yake nyeusi, akataka kupita bila tiketi. Bi. Specioza alimsimamisha.

"Mama, mimi ndiye mwamuzi!"

"Kila anayefika hapa bila hela ni mwamuzi," alimjibu. "Kaa pembeni na waamuzi wenzako."

Timu zilisubiri katikati ya uwanja mpaka manahodha wote wawili walipokwenda getini kumtambua. Inasemekana mwamuzi yule alichezesha vizuri sana, na hakumwangalia mtu usoni mpaka mwisho.

Ila palikuwa na saa moja ambayo hata Mama Geti alilegea. Mechi inapokaribia kwisha, geti hufunguliwa na wote waliokuwa nje huingia bure kuona dakika za mwisho. Desturi hiyo kila mji unaijua, na kila mji unaiita fungulia mbwa. Fundi baiskeli Mabula, ambaye hajawahi kukosa mechi wala kununua tiketi, ndiye aliyekuwa akianzisha kelele kila Jumapili, akimwita mama kwa Kisukuma chake.

"Mayu! Fungulia mbwa, jua linazama!"

"Mabula, pancha zote za mji huu unaziba wewe. Hela unapeleka wapi?"

"Nimeoa, mayu!"

"Umeoa mwaka wa ngapi huo? Kila Jumapili wewe bwana harusi!"

Watu walicheka, geti likafunguka, vumbi likapanda, na kwa dakika hizo chache uwanja ulijaa kama ndoto njema inayomjia mtu alfajiri, muda mfupi kabla hajaamshwa.

Mwandishi ameelekezwa na Kamati aandike ukweli, lakini asiuandike mrefu. Ukweli ni kwamba miaka hii mitatu watazamaji wamepungua sana. Ligi daraja la tatu haina wafadhili. Waamuzi wanataka posho, lori la timu linataka dizeli, na Kamati ilijaribu kuyabeba hayo yote kwa kupandisha kiingilio, kutoka shilingi mia mbili hadi mia tatu, kisha mia tano. Mia tano ni sukari ya nyumba nzima. Kila bei ilipopanda, walioingia walipungua, na kila walipopungua, bei ilipanda tena. Hilo halisemwi hapa kumlaumu mtu yeyote. Kila aliyekuwepo alipiga hesabu kwa nia njema.

Bi. Specioza naye alikuwepo. Mwaka juzi, Kamati ilipoona kwamba walio nje ni wengi kuliko walio ndani, ni yeye aliyeinuka akasema dawa anayo. Alijifungia stoo majuma kadhaa na kushona safu ya pili ya magunia juu ya ile ya kwanza, mpaka uzio ukapita urefu wa mtu aliyepanda baiskeli. Matundu yote aliyaziba. Fungulia mbwa ikafutwa. Kazi ilikuwa safi mno, na yeye mwenyewe aliizunguka akiipapasa kama mama anayemvisha mwanawe nguo ya Komunyo.

Jumapili iliyofuata timu yetu ya Tumaini ilicheza na wageni kutoka Sumbawanga. Watu wa nje walikuja, wakayatazama magunia, wakarudi makwao. Hawakununua tiketi. Na pale ndipo tulipogundua kwamba miaka yote ile waliokuwa wakishangilia walikuwa wao. Walioketi ndani, wachache na wenye heshima zao, walipiga makofi mara moja moja kama watu walio msibani. Mpira ulichezwa katika ukimya wa ajabu, kana kwamba timu zote mbili zimeingizwa ndani ya gunia moja kubwa likafungwa mdomo. Tumaini ilifungwa matatu. Golikipa wetu Anicet, kijana wa Katumba, alipotoka alisimama getini.

"Mama, leo nilikuwa nasikia viatu vyangu mwenyewe," alisema.

Kesho yake asubuhi Bi. Specioza alionekana amekaa chini uwanjani, peke yake, akiifumua safu ya juu, mshono mmoja baada ya mwingine. Alipoulizwa na Mwenyekiti ni nani aliyemruhusu, alisema: "Nilipoishona mlinishukuru, Bwana Mwenyekiti. Nishukuruni tena."

Uzio ulishuka na fungulia mbwa ikarudi, lakini watu waliokwisha kujifunza kukaa nyumbani hawarudi kwa siku moja. Kiingilio nacho kilibaki palepale. Ndipo mwanzoni mwa mwaka huu ikaja habari kutoka ngazi ya mkoa: uwanja usio na watazamaji hautapangiwa mechi msimu ujao, na Tumaini itacheza mechi zake zote Sumbawanga. Anayeijua barabara ile juu ya lori anajua maana yake. Timu itakwenda mara moja, labda mara mbili. Baada ya hapo hakutakuwa na timu.

Msimu umebakiza mechi moja ya nyumbani, ya leo, dhidi ya timu ya Usevya. Kwa kuwa imeangukia mkesha wa kustaafu kwake, Kamati ilipitisha kwamba Bi. Specioza aagwe uwanjani, na apewe radio ya kaseti. Aliitwa kikaoni ili aambiwe. Aliisikiliza habari ya radio hadi mwisho, akashukuru, kisha akasema haihitaji.

"Nipeni bei ya leo," alisema. "Nipange mimi."

Mwenyekiti wetu, Bwana Abednego, ni mtu mpole, lakini siku hiyo alivua miwani. "Utapanga ngapi, Mama?"

"Mia moja. Na geti lifunguliwe kipindi cha pili kinapoanza. Siyo mwisho."

"Sasa utakuwa unauza tiketi au unagawa?"

"Nauza. Lakini nyie niambieni, hiyo mia tano nawauzia akina nani? Mimi ndiye ninayekaa pale. Kuna Jumapili nilikata tiketi saba, na mmoja alikuwa wewe, Mwenyekiti."

"Na wakija walewale saba kwa mia?"

"Basi nitakuwa nimewakosea watu wa nje mara ya pili," alisema Bi. Specioza. "Ya kwanza niliwaziba kwa magunia. Lawama ya hii nitakwenda nayo nyumbani."

Wapo waliosema kwamba mia moja haitoshi hata nauli ya mwamuzi mmoja, na hawakusema uongo. Hatimaye Mwenyekiti alivaa miwani, akasema iandikwe mia moja, ya leo tu. Iliandikwa.

Ana watoto wanne, wajukuu, na shamba la mpunga Mamba linalomsubiri. Anasema atakwenda huko mvua za kwanza zikianza. Katika utumishi wake hakuchelewa geti hata siku aliyofiwa na mumewe. Alikata tiketi ya mwisho, akalikabidhi boksi, ndipo akalia. Amewafunza wengi subira, na amewafunza wachache zaidi kulipa. Leo hatakata tiketi. Getini yupo karani wa Kamati, mgeni katika kazi, na anaomba mumhurumie: waamuzi wote halisi wajitambulishe mapema.

Kamati ilimwekea Bi. Specioza kiti cha heshima katikati, mkabala na mstari wa kati. Alikuja jana kukitazama. Alikishika, akakigeuza, akakielekeza barabarani, mgongo kwa uwanja. Tulidhani hakuelewa. Alisema ameelewa: mpira atausikia, anachotaka kuona ni watu wakiingia.

Karatasi hii imechapwa Jumamosi, kwa hiyo wakati inaandikwa hatujui watakuja watu wangapi. Wewe unayeisoma ndiye unayejua. Ikiwa unaisoma umebanwa bega kwa bega, mtu wa nyuma anakuegemea na huwezi hata kuigeuza upande wa pili, basi usiigeuze. Inua macho umpungie mkono mama aliyekaa akitutazama. Na ikiwa pembeni yako pana nafasi ya kunyoosha miguu, simama, tafadhali, na piga kelele za watu wengi.

Bi. Specioza, Mama yetu, Kamati, wachezaji wa Tumaini na wote wa Kawajense tunakushukuru. Mungu akujalie afya, mvua za wakati wake, na usingizi mzuri wa mchana huko Mamba. Nenda salama.